Mgao Sawa, Shule Zisizolingana

Ukizipanga shule za umma za Kaunti ya Tana River, nchini Kenya, kwa alama za mitihani ya kitaifa, utapata orodha inayosomeka kirahisi. Juu hukaa shule chache za mijini, chini hukaa shule za nyika, na katikati kuna msongamano unaobadilika mwaka hadi mwaka bila sababu ya wazi. Wengi huisoma orodha hiyo kama hukumu: hawa wamefanya kazi, wale wamezembea. Hukumu hiyo haina msingi, na jambo inaloficha ni zito kuliko uzembe. Shule hizi zote zinafuata sheria moja, zinafundisha mtaala mmoja na zinapewa fedha kwa kanuni moja. Ni kanuni hiyohiyo, ikitumika bila upendeleo wowote, inayozitenganisha.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika Tana River, wastani wa watu 8 hivi kwa kila kilomita mraba. Vihiga, magharibi mwa nchi, ina zaidi ya 1,000 katika eneo la ukubwa huo. Tofauti hii ndiyo mzizi wa karibu kila kitu kinachofuata. Palipo na watu wengi, shule hupata wanafunzi wa kutosha kujaza madarasa yake, na mzazi ana shule kadhaa za kuchagua kwa mwendo wa miguu. Palipo na watu wachache, shule huwa ndogo kwa sababu za kijiografia, na iliyo karibu ndiyo iliyopo.

Ndani ya kaunti, shule zimegawanyika katika makundi matatu. La kwanza ni la miji na vituo vya barabara kuu inayotoka Malindi kuelekea Garissa: Garsen, Hola, Bura, Madogo. Huko kuna maduka, umeme, nyumba za kupanga na magari ya abiria. La pili ni la vijiji vya kando ya mto, ambako wengi ni wakulima wa Kipokomo na maisha hutegemea maji ya Mto Tana kupanda na kushuka. La tatu ni la nyika, ambako familia za wafugaji, hasa Waorma na Wawardei, hufuata malisho na visima. Kulinganisha shule ya kundi la kwanza na ya kundi la tatu kwa alama ya wastani ni kulinganisha mazingira, kisha kuyaita matokeo ya kazi ya walimu.

Inafaa pia kujua ni nani mwenye shule hizi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari zilibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Walimu huajiriwa na kupangiwa vituo na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Fedha za uendeshaji hutoka Wizara ya Elimu na kuingia moja kwa moja katika akaunti za shule. Madarasa mengi hujengwa kwa Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, NG-CDF. Kwa hiyo hakuna ofisi moja mjini Hola, makao makuu ya kaunti, inayoshika kwa pamoja mwalimu, fedha, jengo na hesabu ya wanafunzi. Shule inaweza kudhoofika katika mambo yote manne huku kila mhusika akiwa ametimiza wajibu wake wa kisheria.

Kipimo chenyewe kinahitaji kupimwa kabla ya kuaminiwa. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na jumla ya alama 500. Katika shule yenye watahiniwa 20, mtoto mmoja akipata 400 badala ya 200, wastani wa shule nzima hupanda kwa alama 10. Katika shule yenye watahiniwa 100, tofauti hiyohiyo hupandisha wastani kwa alama 2 tu. Ndiyo maana shule ndogo hupanda na kushuka vibaya katika orodha: mwaka huu ni shujaa, mwakani ni aibu ya tarafa. Mabadiliko hayo yanaweza kutokea bila mwalimu yeyote kuongeza wala kupunguza juhudi.

Kosa la pili la kipimo ni baya zaidi kwa sababu lina mwelekeo. Wastani huhesabu waliofika kwenye chumba cha mtihani. Msichana aliyeozwa, mvulana aliyekwenda na ng'ombe wakati wa ukame, mtoto dhaifu aliyeambiwa arudie darasa ijapokuwa sheria hairuhusu, wote hawamo. Wanapoondoka, wastani hauporomoki. Aghalabu huinuka, kwa kuwa wanaotangulia kutoka ni wale waliokuwa wakipata alama za chini. Shule inaweza kupoteza theluthi ya wanafunzi wake na kuonekana imetulia, hata imeimarika. Takwimu inayopaswa kutoa onyo hutoa pongezi.

Na hata alama zenyewe ziliwahi kudanganya. Mwaka 2015, zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata alama ya A katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nchini kote. Mwaka 2016, baada ya usimamizi wa mitihani kukazwa, waliopata A walikuwa 141. Hakuna kizazi kinachopoteza akili kwa kiwango hicho katika miezi 12. Maana yake ni kwamba ulinganisho wowote wa shule uliofanywa kwa miaka ya kabla ya hapo, uwe wa kitaifa au wa kaunti, ulipima pia uwezo wa kupata karatasi mapema, na hakuna njia ya kutenga sehemu hiyo na sehemu ya elimu.

Serikali iliacha kuziorodhesha shule kwa nafasi mwaka 2014, na hoja za kufanya hivyo zilikuwa na uzito. Lakini hakikuwekwa kipimo bora mahali pa kile kibovu. Kipimajoto kilichokosea kiliondolewa, mgonjwa akabaki. Leo mzazi wa Wenje au Bangale, ndani ya Tana River, hana mahali pa kusoma, kwa lugha anayoielewa, kama watoto wa Gredi ya 4 katika shule yake wanaweza kusoma aya moja. Tafiti za kitaifa zinatoa fununu: zile za shirika la Uwezo zilionyesha kwa miaka mfululizo kwamba takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili. Hizo, hata hivyo, ni sampuli. Haziingii katika shule moja moja, na ni katika shule moja moja ambamo kuporomoka hutokea.

Sasa tuingie katika fedha. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, kila mtoto wa shule ya umma alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Baadaye kiasi hicho kikapandishwa hadi 1,420. Tangu 2003 bei za bidhaa nchini zimepanda kwa zaidi ya mara tatu. Hata tukichukua mara tatu kamili, shilingi 1,420 za leo zinanunua kilichonunuliwa kwa shilingi 473 wakati ule, yaani chini ya nusu ya mgao wa kwanza. Hakuna aliyetangaza kwamba elimu ya msingi imepunguziwa bajeti kwa kila mtoto. Ilitosha kuacha tarakimu ilipo.

Upungufu huo unazigusa shule zote, lakini hauziumizi sawa. Tuchukue mfano wa hesabu. Shule ya mjini yenye wanafunzi 900 hupata, mgao ukifika wote, shilingi 1,278,000. Shule ya nyika yenye wanafunzi 110 hupata shilingi 156,200. Kwa kila kichwa, usawa ni kamili. Tuseme kila shule inamlipa mlinzi shilingi 8,000 kwa mwezi, yaani 96,000 kwa mwaka. Shule kubwa imetumia chini ya asilimia 8 ya mgao wake. Shule ndogo imetumia zaidi ya asilimia 60, na bado haijanunua chaki, haijatengeneza paa, wala haijamlipia mwalimu mkuu nauli ya kwenda mjini kufuata barua. Gharama za lazima za kuendesha shule hazipungui kwa sababu wanafunzi ni wachache. Huko nyikani maji na usafiri huzifanya zizidi. Kanuni inayohesabu vichwa peke yake huadhibu umbali.

Tena vichwa vyenyewe havihesabiwi vyote. Tangu mfumo wa taarifa za elimu wa NEMIS uanze kutumika, mwanafunzi hutambuliwa kwa kusajiliwa, na usajili umetegemea cheti cha kuzaliwa. Katika maeneo ya wafugaji, ambako watoto wengi huzaliwa mbali na hospitali na ofisi ya msajili iko mwendo wa siku, cheti hicho mara nyingi hakipo. Mtoto asiye nacho anakalia dawati, anatumia kitabu, anahitaji mwalimu, lakini kwa mujibu wa hesabu inayoleta fedha hayupo. Pengo hili haliangukii shule kwa bahati nasibu. Linaangukia zile ambazo tayari ni ndogo na ziko mbali.

Hata kilichoahidiwa hakifiki kizima. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali uliowekwa wazi mwaka 2025 ulionyesha kwamba katika miaka minne ya fedha shule za umma zilikosa zaidi ya shilingi bilioni 100 za mgao. Mwaka huohuo, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu shilingi 22,244 zilizowekwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Shule ya mjini hufidia pengo hilo kwa kuwachangisha wazazi wenye maduka na mishahara. Shule ya nyika haina wa kumchangisha. Hivyo upungufu mmoja hutoa matokeo mawili: mahali pamoja ni usumbufu, mahali pengine ni kufungwa kwa jiko.

Mwalimu ndiye gharama kubwa kuliko zote, na ndiye anayesambazwa kwa namna isiyoonekana. Takwimu hupenda uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 40. Kwa uwiano huo, shule yetu ya wanafunzi 110 inatosheka na walimu 3. Lakini ina madarasa 6. Wakati wowote wa siku, nusu ya madarasa hayana mtu mzima mbele yake, na ripoti ya kaunti ndogo itaeleza kwamba shule ina walimu wa kutosha. Mmoja wa hao watatu ni mwalimu mkuu, ambaye huitwa mikutanoni. Mwingine akiugua, anabaki mmoja kwa madarasa 6.

Kuwepo shuleni kwenyewe si kufundisha. Utafiti wa Benki ya Dunia kuhusu utoaji wa huduma nchini Kenya, uliofanywa mwaka 2012, uligundua kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma alifundishwa kwa takriban saa 2 na dakika 20 kwa siku, ilhali ratiba ilipanga zaidi ya saa 5. Huo ni wastani wa nchi, pamoja na shule zenye walimu tele. Ukiuweka juu ya shule yenye walimu 3 kwa madarasa 6, hesabu ya saa anazozipata mtoto kwa mwaka inakuwa ya kutisha bila kuongezewa neno.

Kwa nini walimu hawakai? Wengi wanaopangiwa Tana River hutoka kaunti nyingine, na hukubali kwa sababu nafasi za ajira ni chache kwao. Kuna marupurupu ya mazingira magumu, lakini nayo hufuata eneo lililotangazwa, hivyo mwalimu wa kituo cha barabarani na wa kijiji kisicho na gari wanaweza kulipwa sawa. Akipewa nafasi ya kuchagua kati ya vituo hivyo viwili, kila mwalimu mwenye akili timamu atachagua barabara. Usalama huongeza msukumo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti jirani ya Garissa, na TSC ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka sehemu za kaskazini mashariki. Shule zilizobaki tupu zilionyesha ni kwa kiasi gani eneo zima lilikuwa limeegemea watu wa kutoka nje.

Kuanzishwa kwa Sekondari Msingi mwaka 2023 ndani ya shule za msingi kuliongeza uzito juu ya msingi uliokwisha kupasuka. Kiwango hicho kina masomo 9. Mwalimu wa sekondari huwa amesomea masomo 2. Ili kila somo lifundishwe na mtu aliyelisomea, shule inahitaji walimu 5, iwe na wanafunzi 30 au 300. Shule iliyopata walimu 2 inaweza, kwa hali bora kabisa, kufundisha masomo 4 ipasavyo; mengine 5 hufundishwa na mtu anayekumbuka alichojifunza akiwa mwanafunzi. Maelfu ya walimu wa ngazi hii waliajiriwa kwanza kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mwaka 2024 waligoma kwa wiki kadhaa. Shule kubwa ilimudu pengo hilo kwa walimu wa bodi wanaolipwa na wazazi. Shule ndogo ilingoja.

Siasa nayo ina mchango wake. Darasa jipya huonekana, hupigwa rangi, huandikwa jina la hazina na hufunguliwa kwa sherehe. Mwalimu na mgao wa kila mwaka havina uzinduzi. Matokeo yake ni kwamba kijiji kikigombana na jirani yake kuhusu shule, suluhisho jepesi ni kujenga ya pili. Wanafunzi 200 waliokuwa pamoja wanakuwa 100 na 100. Mgao haukuongezeka, walimu hawakuongezeka, lakini walinzi, walimu wakuu na vyoo sasa vinahitajika mara mbili. Shule mbili dhaifu zimezaliwa kutoka moja iliyokuwa inajimudu, na kumbukumbu za maendeleo zitasema idadi ya shule imepanda.

Kisha kuna wanaoondoka. Hadi 2011 shule za kitaifa zilikuwa 18. Katika miaka michache zikaongezwa hadi kupita 100. Mtoto hodari wa kijijini alifunguliwa mlango, na kwake hilo lilikuwa jambo jema. Kwa shule aliyoiacha lilikuwa hasara. Katika kaunti yenye wanafunzi wachache, kuondolewa kwa wanaoongoza kila mwaka huziacha sekondari za kutwa na darasa lisilo na wa kuvuta wenzake. Mzazi mwenye uwezo huona hivyo, naye humhamishia mwanawe Malindi au Mombasa. Anayehama ndiye aliyekuwa na sauti katika bodi ya shule. Kila anayetoka humpa anayefuata sababu ya kutoka.

Hali ya hewa huongeza kasi. Mvua zilishindwa kwa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, mifugo ikafa, familia zikahama. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, Mto Tana ulifurika; muhula wa pili wa 2024 ulichelewa nchini kote hadi tarehe 13 Mei, na katika vijiji vya kando ya mto baadhi ya shule zilikuwa makao ya waliohamishwa. Ukame huondoa wanafunzi wa nyika, mafuriko huondoa wa kingo za mto, na shule za barabarani huwapokea baadhi ya kila upande. Sajili za mwaka unaofuata huonyesha kwamba shule za mbali zimepungua, na mgao hupungua kwa kadiri hiyo. Mfumo umetafsiri janga kuwa ukosefu wa mahitaji.

Visababishi hivi vyote vinakutana mahali pamoja. Kusomea shahada ya ualimu kunahitaji alama ya C+ katika KCSE, na stashahada ya ualimu wa msingi inahitaji C. Shule isiyo na mwalimu wa Hisabati haitoi watahiniwa wa kufikia hapo. Bila wao, kaunti haina walimu wake wenyewe, hivyo hutegemea wageni, ambao huondoka nafasi ikipatikana, na shule hubaki bila mwalimu wa Hisabati. Duara hili halina mkosaji. Halihitaji rushwa wala uzembe ili lizunguke. Linahitaji tu kuachwa.

Upo ubishi kwamba tatizo ni mila: wafugaji hawathamini shule. Ubishi huo hauelezi kwa nini familia za wafugaji waliohamia karibu na mji hupeleka watoto katika shule ambamo mwalimu huonekana kila siku. Wala hauelezi kilichotokea mpango wa Tusome ulipoanza mwaka 2015: kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipopata kitabu chake, na mwalimu akapata mwongozo na msaidizi wa kumtembelea darasani, tathmini zilionyesha usomaji ukipanda katika shule za umma za kawaida. Walimu walikuwa walewale na wazazi walewale. Kilichobadilika ni pembejeo na ufuatiliaji. Fedha za wafadhili zilipokwisha, swali la nani ataendeleza ufuatiliaji huo likarudi kwenye bajeti ambayo tumekwisha kuiona.

Mantiki ya kurekebisha inatokana na mantiki ya kuporomoka. Shule inahitaji kiwango cha chini cha fedha kisichotegemea idadi, kisha mgao wa kila mwanafunzi juu yake. Mtoto aliye darasani ahesabiwe kwa kuonekana, cheti kifuate. Walimu wapangwe kwa madarasa na masomo, na marupurupu yapande kadiri kituo kinavyokuwa mbali na barabara. Shule ipimwe kwa wangapi walioanza Gredi ya 1 wamebaki na wangapi wanaweza kusoma, na matokeo yabandikwe ukutani mwa shule yenyewe.

Kila mwaka wa kusubiri una bei inayoweza kuhesabiwa. Mtoto aliyeingia Gredi ya 1 Januari 2026 atamaliza Gredi ya 12 mwaka 2037. Akienda chuo cha ualimu kwa miaka mitatu, ataanza kufundisha 2041. Kwa hiyo uhaba wa walimu wenyeji utakaoonekana Tana River mwaka 2041 unatengenezwa sasa, katika darasa lisilo na mwalimu, na hakuna ajira ya dharura ya mwaka huo itakayoweza kumpata mtu ambaye hakufundishwa kusoma mwaka huu.